Yangeyange Mweusi, Kitwitwi Mwenye Mabaka: Utatuzi wa Matatizo ya Kutambua na Kupiga Picha Ndege wa Pwani, Mtwara na Lindi

Taarifa nyingi za ndege wa ajabu kutoka Mikindani, Msangamkuu, Msimbati, Sudi, Lindi mjini na Kilwa huishia mahali pamoja: ndege ni wa kawaida, ila msimu, tope au kamera imemvisha nguo ngeni. Wa ajabu kweli wapo, lakini huwapati kwa kuanza nao. Hapa mambo yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea sana kimetangulia na kile adimu kimewekwa mwisho. Usiruke ngazi.

Kabla ya dalili yoyote: picha za lazima

Tatizo linaloharibu kazi kuliko yote ni picha arobaini za ubavu mmoja. Mtu anaona baka, anang'ang'ania baka. Baadaye akiulizwa upande wa pili ukoje, hana jibu, na ndege keshavuka Ruvuma. Pata hizi kwanza, hata zikiwa mbovu:

1. Ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia.
2. Miguu yote miwili, kuanzia mapaja hadi vidole.
3. Kichwa na mdomo, jicho likionekana rangi yake.
4. Bawa likiwa wazi, juu na chini. Ndege wa pwani hunyoosha mabawa mara tu baada ya kuoga au kujikwatua. Ukimwona anajichovya majini, weka kidole kwenye kitufe usikiondoe.
5. Picha moja pana, akiwa na jirani wa aina unayoijua, ili ukubwa upimike.

Hifadhi picha ya asili kabla ya kuikata au kuing'arisha. Ukiituma WhatsApp, itume kama "Document" na si kama picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa, na herufi za pete ya mguuni ndizo hupotea mwanzo.

Dalili: Kitwitwi au chamchanga ana mabaka mekundu, meusi au meupe yasiyo na mpangilio

*Chanzo cha kwanza: anabadili manyoya.* Hiki peke yake hueleza sehemu kubwa ya "ndege wapya" wa Agosti hadi Oktoba, na tena Machi na Aprili. Hawa ni ndege wa fukwe na tope, wageni wanaozaliana mbali kaskazini, na wakiwa kwetu huvaa kijivu na nyeupe. Wakifika Agosti bado wana mabaki ya nguo za harusi, yaani manyoya ya msimu wa kuzaana, na kabla ya kuondoka Aprili huanza kuzivaa upya. Chamchanga mwenye mdomo uliopinda chini (Calidris ferruginea), anayezaliana Siberia, huwa mwekundu kama matofali kifuani na tumboni. Katikati ya mabadiliko huonekana kama aliyemwagiwa rangi kwa pakacha. Kitwitwi wa kijivu (Pluvialis squatarola) hupata weusi kuanzia usoni hadi tumboni, nao huja vipande vipande. Kitwitwi-mchanga mkubwa (Charadrius leschenaultii) hujitia mkanda wa rangi ya kutu kifuani.

Namna ya kukagua ni rahisi. Tazama ndege wengine kumi wa aina hiyohiyo katika kundi. Kama watatu au wanne wana mabaka ya rangi ileile, mengine makubwa, mengine madogo, hilo ni suala la msimu. Mabaka ya kubadili manyoya hukaa mahali palepale pande zote mbili za mwili, hata kama hayalingani kwa ukubwa. Ukibaki na shaka juu ya kitwitwi wa kijivu, subiri aruke. Kwapa lake ni jeusi mwaka mzima, avae nguo gani.

Juni na Julai, wakati wa kusi, mambo hugeuka. Wakubwa wamekwenda kuzaliana, waliobaki ni wachanga wa mwaka uliopita ambao hawakusafiri. Manyoya yao yamechakaa kwa jua na chumvi, yamepauka hadi ndege mzima anaonekana mweupe-mweupe. Huyo usimwandike kuwa adimu. Mwandike "mchanga, manyoya yamechakaa".

*Chanzo cha pili: tope na kutu.* Tope la mikoko lina chuma kingi, na ndege anayelala ndani yake hupata rangi ya chungwa iliyokolea tumboni, mapajani na shingoni. Ukingo wa doa la tope haufuati mpangilio wa manyoya. Unakata unyoya katikati, kama chai iliyomwagika kwenye kanga. Baka la asili hufuata unyoya mmoja mmoja. Rudi baada ya maji kujaa na kupwa mara moja: doa la tope mara nyingi litakuwa limepungua au limehama.

*Chanzo cha tatu: ni kinda aliyekua.* Mfano unaoletwa sana ni mlakaa (Dromas ardeola), yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama patasi. Watu huleta picha ya "mlakaa wa kijivu" kama aina mpya. Ni mtoto. Mlakaa huzaliana ndani ya mashimo ya mchanga pwani za Uarabuni, Bahari ya Shamu na Somalia, kisha huja huku na mwanawe bado akimwomba chakula. Ukimwona wa kijivu akimfuata mwenye mgongo mweusi huku analialia, kesi imekwisha.

*Chanzo cha nne: upungufu wa rangi wa kuzaliwa.* Hapa ndipo ndege wa ajabu kweli anapoanzia. Manyoya machache au mengi huwa meupe kabisa, pamoja na uti wake wa katikati, na aghalabu upande mmoja haulingani na mwingine. Jicho, mdomo na miguu hubaki na rangi ya kawaida au karibu nayo. Ndege mweupe mwenye jicho jeusi si albino. Albino halisi hana rangi hata jichoni, jicho lake ni jekundu au la waridi, haoni vizuri, na hadumu sana porini. Kwa hiyo picha ya jicho ndiyo hukata shauri.

*Chanzo cha tano: chotara.* Ukifika hapa, simama. Chotara wa ndege hawa hatambuliwi kwa picha ya simu wala kwa programu. Peleka seti nzima ya picha kwa mtaalamu wa ndege, ukitaja tarehe, mahali na aina za ndege waliokuwa karibu. Usiipe jina lolote kabla hajajibu.

Dalili: Sululu ana kwapa jeupe

Hii ni dalili fupi lakini ina uzito kuliko nyingine zote, na wengi huipita bila kujua. Sululu wa kawaida (Numenius phaeopus), mwenye mistari kichwani na mdomo uliopinda, ana michirizi ya kahawia kwapani na chini ya bawa. Ipo jamii yake ya nyika za Asia, alboaxillaris, yenye kwapa jeupe lisilo na michirizi. Iliwahi kudhaniwa imetoweka kabisa. Mwaka 2016 ilionekana Maputo, Msumbiji, upande uleule wa bahari na sisi.

Chanzo kinachotokea sana, hata hivyo, ni mwanga. Bawa likipigwa mwanga kutoka chini, unaoakisiwa na mchanga mweupe, michirizi hufutika. Punguza mwangaza kwenye picha uone kama inarudi. Chanzo cha pili ni sululu mkubwa (Numenius arquata), ambaye wale wanaofika kwetu wana kwapa jeupe kwa asili. Huyu ni mkubwa zaidi, mdomo wake ni mrefu mno, na hana ule mstari mpana wa kichwani. Ukiondoa haya mawili na kwapa bado ni jeupe, usikate wala usirekebishe picha. Hesabu una picha ngapi za bawa wazi, andika mahali hasa ulipomwona, na siku hiyohiyo mtafute mtaalamu wa ndege wa pwani.

Dalili: Yangeyange ni mweusi, wa kijivu, au nusu kwa nusu

Karibu kila mara huyu ni yangeyange wa pwani mwenye rangi mbili (Egretta dimorpha). Jina lenyewe linasema: baadhi ni weupe kabisa, baadhi ni weusi wa mkaa, na wachache ni mchanganyiko wa kijivu na madoa. Wote ni aina moja, wanaweza kusimama kwenye mwamba mmoja. Hajapakwa oili, haumwi, wala si mtoto wa yangeyange na kunguru kama anavyotaniwa.

Kagua hivi:

- Kidevu na koo. Yule mweusi ana koo jeupe. Bawa lake linaweza kuwa na kiraka cheupe kinachoonekana akiruka.
- Miguu. Myeusi, vidole vya njano. Msimu wa kuzaana, vidole na ngozi iliyo kati ya jicho na mdomo huweza kugeuka waridi au wekundu, na hapo ndipo anaporipotiwa mara ya pili kama ndege mwingine.
- Mahali. Miamba, matumbawe yaliyopwa, fukwe za wazi.

Kama koo ni jeusi pia, fikiria korongo mweusi mdogo (Egretta ardesiaca). Naye ana vidole vya njano, lakini ana tabia isiyoigwa na yeyote: hukunja mabawa mbele ya kichwa kama mwavuli, akajitengenezea kivuli na kuvizia samaki ndani yake. Mtafute zaidi kwenye mabwawa, mashamba ya mpunga na maji tulivu ya milango ya mito.

Yangeyange mwenye rangi ya chungwa utosini, kifuani na mgongoni, akitembea na ng'ombe, ni yangeyange wa ng'ombe aliyevaa kwa ajili ya kuzaana. Usipoteze muda hapo.

Mwisho kabisa ni oili. Manyoya yenye oili hushikana kama nywele zilizolowa, hayapepei upepo ukipita, na ndege hujidonoa bila kukoma. Simama: usimkamate wala usimwoshe kwa sabuni nyumbani. Kumwosha vibaya huondoa kinga ya manyoya dhidi ya maji, na ndege hufa kwa baridi hata katika joto la Lindi. Piga simu kwa afisa wanyamapori au daktari wa mifugo wa halmashauri.

Dalili: Miguu au mdomo una rangi au umbo lisilo la kawaida

Anza na matope. Miguu iliyokaukiwa na tope huonekana myeusi au ya kijivu, na kwenye mashamba ya chumvi chumvi ikiikaukia huipaka weupe. Subiri ndege aingie kwenye maji ya kina kidogo, apige hatua kumi, ndipo upige picha.

Mdomo uliopinda juu kidogo, miguu mifupi ya njano iliyokolea au ya chungwa, na mwendo wa mbio kama mtu aliyechelewa basi: huyo ni Xenus cinereus, chamchanga wa kawaida kwetu msimu wa kaskazi. Korongo ambaye mdomo wake una mwanya katikati, hata ukifungwa mwanga unapita, hajavunjika taya. Ni korongo domo-wazi (Anastomus lamelligerus), na mwanya huo humsaidia kula konokono na kome. Watoto wake hawana mwanya, ndiyo maana kundi moja huonekana lina "wazima" na "wagonjwa".

Ndege anayesimama mguu mmoja, hata akirukaruka nao, mara nyingi anapumzika tu. Mwache dakika kumi. Akitua mguu wa pili, hana shida. Usipouona kabisa, nenda dalili inayofuata.

Dalili: Kuna kitu mguuni au mgongoni

*Kwanza, pete na vibendera vya watafiti.* Pete ya chuma huwa chini ya kifundo au juu yake, na kibendera cha plastiki, chenye herufi na tarakimu, aghalabu huwa juu. (Kile tunachokiita goti la ndege, kinachokunjika kinyumenyume, ni kisigino. Ukiandika "juu ya goti" wataalamu wataelewa, lakini ongeza mchoro.) Andika kwa utaratibu huu bila kubadili:

1. Mguu wa kushoto wa ndege, si wa kushoto kwako unayemtazama. Kosa hili hurudi kila msimu.
2. Kutoka juu kwenda chini, kisha mguu wa kulia vivyo hivyo.
3. Rangi ya kila kibendera, kisha rangi ya maandishi yake.
4. Mahali, tarehe, saa, aina ya ndege na ukubwa wa kundi.

Rangi hudanganya. Jua la miaka mitatu minne hugeuza nyekundu kuwa chungwa, na njano kuwa nyeupe. Piga kibendera kikiwa kivulini na kikiwa juani, kisha linganisha. Maandishi yasiposomeka kwa picha moja, piga mfululizo ndege akigeuka, halafu unganisha: picha hii inatoa "A", ile inatoa "7". Herufi usiyoiona vizuri iandike kwa alama ya kuuliza. Kubahatisha kunampa uhai ndege aliyekufa Siberia.

Pete ya chuma mara nyingi ina jina la mji au taasisi inayopokea taarifa. Utakuta Moskwa, Nairobi, au SAFRING ya Cape Town. Peleka taarifa huko. Ukimkuta ndege mwenye pete amekufa, piga picha ya pete kutoka pande zote kabla ya kufikiria kuigusa, na soma onyo la ndege wagonjwa na waliokufa hapa chini.

*Pili, mshipi wa kuvulia.* Kwenye magati na fukwe zenye wavuvi hili ni jambo la kila mwaka. Mshipi huzunguka vidole, hukaza, mwishowe mguu hukatika.

*Tatu, kifaa cha kufuatilia safari.* Uzi mweusi mwembamba unaotoka mgongoni, umenyooka, haufungi chochote: hiyo ni antena. Watu wameshawahi kuwakimbiza ndege wa utafiti wakidhani wanawaokoa. Kuza picha. Antena hutoka kwenye kiboksi kidogo, mshipi hutoka popote.

Simama: usimfukuze ndege aliyenaswa akiwa bado anaruka. Kumchosha ni kummaliza. Akiwa amelala na hawezi kuinuka, mfunike kwa kanga, umweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, usimtie maji wala chakula mdomoni. Korongo na yangeyange hulenga macho, kwa hiyo shika kichwa kwanza na uweke uso wako mbali. Ndoana iliyozama usiivute. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Simama tena: ukikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, au wanapinda shingo, wanatetemeka na kuanguka, usiguse hata mmoja. Zuia watoto na mbwa, piga picha kwa mbali, mpigie afisa mifugo wa kata au wilaya. Mafua ya ndege husafiri na ndege wa maji.

Dalili ya picha: Weupe umeungua, manyoya hayaonekani

Ukipiga yangeyange mweupe juu ya tope jeusi la mto Lukuledi, kamera hupima tope, huona giza, huongeza mwanga, na ndege hugeuka karatasi. Kiraka cheupe ulichokuja kukithibitisha hakitofautiani tena na mwili.

Hatua ya kwanza: fidia ya mwangaza (kitufe cha +/−) ishushe hadi −0.7, kisha −1.3 kama bado. Washa onyo la sehemu zilizoungua kwenye kioo cha kamera, zinazowakawaka, na ushushe hadi zikome kwenye ndege. Usijali zikiwaka kwenye povu la bahari.

Hatua ya pili, kwa anayeweza kupanga mwenyewe: jua kali likiwa nyuma yako, anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, tundu la lenzi f/8, kasi ya shata ya sekunde 1/3200 kwa ndege mweupe, 1/1600 kwa wa kijivu na kahawia, 1/800 kwa mweusi. Ukipanga hivi, ndege akitoka kwenye tope akaingia kwenye mchanga mweupe wa Msimbati, mwangaza wake haubadiliki, kwa sababu jua ni lilelile.

Kwenye simu, gusa ndege, kisha telezesha alama ya jua kuelekea chini. Piga faili la RAW (picha ghafi isiyorekebishwa na simu) kama simu ina uwezo. Zima urembeshaji wa picha, na usizidi ukuzaji wa lenzi yenyewe. Simu nyingi zikikuza sana hubuni manyoya ambayo hayapo, na zimeshawahi kumchorea kitwitwi mkanda asiokuwa nao.

Dalili ya picha: Ndege ni kivuli cheusi, au ana rangi ngeni ya bluu, kijani au zambarau

Kivuli cheusi chanzo chake ni upande wa jua. Lindi mjini na fukwe nyingi zetu zinatazama mashariki: asubuhi jua linakupiga usoni, jioni liko mgongoni. Kama huna budi kupiga asubuhi, panda fidia hadi +1.3 na ukubali mbingu iungue. Oktoba na Februari jua la mchana hukaa utosini kabisa, tumbo la ndege hubaki gizani, na hakuna mpangilio wa kamera unaoshinda hilo. Kunywa maji ya dafu, rudi saa kumi.

Rangi ngeni tumboni mara nyingi imeakisiwa: kijani kutoka mikoko, bluu kutoka anga, dhahabu kutoka mchanga wa jioni. Funga mizania ya rangi ("white balance") kwenye alama ya jua, karibu 5200 hadi 5500 K. Usiiache ijichagulie, la sivyo picha tano za ndege mmoja zitakuwa na rangi tano. Uzi wa zambarau pembezoni mwa manyoya meupe ni kasoro ya lenzi. Funga tundu hadi f/8 nao hupungua.

Dalili ya picha: Hakuna ukali

1. Kasi ndogo. Ndege anayetembea anahitaji 1/1000, anayeruka 1/2000 au zaidi. Acha ISO ipande hadi 3200. Chembechembe zinasomeka, ukungu wa mwendo hausomeki.
2. Fokasi imekamata nyasi au mawimbi. Tumia nukta moja, juu ya jicho.
3. Mvuke wa joto. Kuanzia saa tatu asubuhi hewa juu ya tope hutetemeka, na hata lenzi ya bei ya pikipiki hutoa picha ya sabuni. Dalili yake: picha ishirini mfululizo, kila moja imevurugika kwa namna tofauti. Dawa ni kupunguza umbali hadi chini ya mita arobaini, au kungoja wingu. Kulala chini, ambako kwa kawaida ni vizuri, hapa hukudhuru, kwa sababu mvuke ni mzito karibu na ardhi.
4. Ukungu ndani ya lenzi baada ya kutoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuitoa.

Dalili: Ndege wanaruka kabla hujafika

Unawafuata wakati ungewangoja. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji kwetu hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Kila siku husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Saa nne maji yakiwa yamepwa, ndege wametawanyika nusu kilomita ndani ya tope, kwa hiyo kuwafuata ni kujichosha. Jioni ya bamvua ndiyo saa yenyewe: maji yanapanda zaidi ya mita tatu, yanawasukuma ndege kuelekea ufukweni, na jua liko chini mgongoni mwako. Fika mapema, muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, kaa pale maji yatakapoishia, usisimame tena. Siku za maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana) mambo hugeuka: hujaa katikati ya asubuhi, sehemu ya tope hubaki wazi, na ndege hawana sababu ya kusogea kwako.

Maji yakijaa, makundi hulala kwenye mashamba ya chumvi na ncha za mchanga. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, pita kwenye kingo, usikanyage vidimbwi vya chumvi. Kwa kundi lililolala, mita hamsini ni karibu vya kutosha. Vichwa vikiinuka vyote na ndege wakaanza kutembea kuelekea upande mmoja, umeshavuka mpaka: kaa chini au rudi nyuma. Machi na Aprili wanajaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila mruko usio wa lazima huyachoma.

Simama: tope la milango ya Lukuledi na Ruvuma hushika mguu hadi pajani, na maji hurudi haraka kuliko unavyojinasua. Ruvuma ina mamba na viboko. Usiende bila nahodha wa hapo. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, lipa kibali cha kuingia kwanza. Ndege isiyo na rubani (droni) huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa nacho, huwatisha ndege hawa kuliko mwewe. Lenzi ndefu usiielekeze bandarini, mpakani, wala kwenye mitambo ya gesi ya Msimbati na Madimba. Askari hataki kujua habari za kwapa la sululu.

Dalili: Kamera imepigwa na maji ya chumvi

Rasharasha: futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi ya bomba, kisha kikavu, kabla chumvi haijakauka. Usibadili lenzi ufukweni wakati wa upepo wa kusi.

Ikizama: toa betri papo hapo, toa kadi, usiiwashe hata mara moja "kujaribu". Usiizike kwenye mchele. Mchele haunyonyi chumvi, na vumbi lake huingia kwenye viungo vya lenzi. Chumvi hula saketi kila saa inayopita, hivyo ifikishe kwa fundi wa kamera siku hiyohiyo ikiwezekana, na umwambie wazi kuwa ni maji ya bahari. Kadi yenyewe ioshe kwa maji safi, ikaushe kivulini siku moja, ndipo uisome kwenye kompyuta. Mara nyingi picha huwa bado zimo.